Mgonjwa Mwenyewe Kaulizwa?

Mshonaji alikuwa amefumba macho kwenye kiti chake, ila masikio hayana kope. Mbele yake, seremala alikuwa akimlalamikia bibi waliyekutana naye humo humo basini.

"Daktari kasema dawa za saratani hazimsaidii tena mama, nimpeleke hospisi. Bibi, jana tu mama kanigombeza! Hospisi si ya anayekata roho?"

"Hata mimi nilisema hivyo, nikamchelewesha mume wangu, akaumia bure. Wakati wa hospisi ni pale dawa zinapoongeza mateso bila kuongeza siku, mwanangu. Watamtuliza maumivu, hata nyumbani kwake."

"Ndugu zangu watasema nimemkatia tamaa."

"Waache waseme, midomo ni yao. Mama mwenyewe anasemaje?"

Seremala akatoa simu mfukoni, akaigeuzageuza. Mshonaji akajisemea moyoni: ukoo mzima umekaa kikao, kasoro mwenye mwili.

Basi lilipopunguza mwendo, seremala akapiga simu, akaweka spika. "Mama, hebu niambie. Wewe unatakaje?"

Sauti ikaja, dhaifu lakini kali. "Kwanza wewe umekula?"

Basi likasimama. Seremala akashuka akijifuta macho, simu ingali mkononi, na mlango ukafungwa.