Safu ya Dirishani

Alfajiri nilisikia kifuniko cha birika kikigongagonga. Mkwe wangu alikuwa ananichemshia chai ya safari. Basini niliketi nyuma ya mwalimu mstaafu, mtu wa rika langu, na binti aliyesoma kwake zamani, ambaye sasa ni mwalimu pia.

"Mwalimu, leo mwenzangu anakuja kunitazama nikifundisha," binti alisema, simu mkononi. "Nataka nipige niseme naumwa tumbo."

"Tumbo hilo nalijua," mstaafu akacheka. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili kazini, najiona bingwa. Mwenzangu akaketi nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Kila mtoto niliyemwuliza swali, akamwekea alama kwenye karatasi. Safu ya dirishani haikuwa na alama hata moja. Mwaka mzima sikuwa nimewauliza, mwanangu!"

"Uliona haya?"

"Nililia chooni. Kesho yake nikaanza na dirishani. Katoto kamoja kakanijibu kwa sauti nyembamba, nami ndiyo kwanza naisikia. Mpaka leo naikumbuka, na vumbi la chaki pia."

"Wewe ulikuwa na rafiki. Huyu wangu maneno yake yanawasha kama upupu."

"Basi mpe kiti kizuri kuliko dawati."

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Basi likasimama mbele ya shule. Binti aliinuka, simu bado mkononi, hajapiga wala hajaiweka mkobani. Mstaafu akamnyooshea kola taratibu.

"Uje tena nyumbani, unisimulie. Mara ile ulikaa dakika kumi tu."