Habib Shekue na Tuta la Mrushaji

Tarehe 30 Septemba 1999, baada ya miaka kumi na minane ya utumishi, Mzee Habib Shekue anastaafu kazi ya kutunza uwanja wa klabu yetu ya besiboli hapa Manassas. Nyasi zitaendelea kuota bila yeye, ila sina hakika kama zitakuwa na adabu.

Alikuja huku ughaibuni kutoka Tanga bila kuujua mchezo huu. Msimu wake wa kwanza wote aliuliza kwa nini mtu apige mpira, kisha akimbie mduara arudi palepale alipotoka. Baadaye ukamkolea. Tuta la udongo anaposimama mrushaji alililea kama mwana: akilinyunyizia maji, akilishindilia, akilifunika wingu likitanda. Kila Jumatatu alikuja na chai yake ya tangawizi katika ofisi ya takwimu, ninakofanya kazi mimi Jelagat, kuuliza vijana wamefungwa ngapi.

Msimu wa 1998 ulitutia simanzi. Nilipoulinganisha na wa 1997, warushaji wetu walikuwa wameporomoka. Dunstan, mrushaji kijana na kipenzi cha Mzee, alikuwa akifungwa wastani wa mikimbio mitatu, yaani pointi tatu, kwa mchezo. Sasa ikawa mitano. Kocha Leonard akaamua kumwondoa klabuni, ilhali mke wa kijana alikuwa mjamzito.

Mzee akaniomba nitenganishe michezo ya nyumbani na ya ugenini. Ugenini, Dunstan alikuwa yuleyule wa mwaka uliotangulia. Kwetu ndiko alikochapwa, na hata warushaji wa timu ngeni walichapwa vilevile wakija hapa. Mzee akatoka kwenda kupima tuta. Lilikuwa limepungua kimo kwa vidole vinne. Alipolikarabati baada ya mvua za Machi, alilichonga kupita kiasi, na mrushaji akisimama chini mno, mpira wake hupigika kirahisi.

Angeweza kuongeza udongo akakaa kimya. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu afikie pensheni.

"Binti yangu, kijana hana kosa," aliniambia. "Tuta nimeliharibu mimi. Wakitaka ku-fire mtu, wani-fire mimi."

Akaenda kumwambia kocha hayohayo, mbele ya wachezaji wote. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kocha naye alimpenda, ingawa ilimchukua wiki nzima. Akawabakisha wote wawili.

Msimu huu tuta limerudi kimo chake, Dunstan amerudi kwenye mikimbio mitatu, na klabu kubwa imemchukua. Jumamosi iliyopita, alipomaliza mchezo wake wa mwisho kwetu, alimfuata Mzee pembeni, akampa mpira, akamshika mkono na kumpandisha juu ya tuta. Uwanja mzima ukasimama. Mzee alilia, nasi tukalia.

Ahsante, Mzee wetu. Kijana ana kazi leo kwa sababu ulikuwa tayari kuipoteza yako. Tunakupenda sana, na tunakutakia wewe na mkeo Bi Safa afya tele na maisha mema.