Noeline Pascoe Aaga Wodi ya Waachao Pombe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Sista Noeline Pascoe anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni. Wodi yetu ndogo hapa Dubbo, Australia, wanakolazwa watu wanaoacha pombe chini ya uangalizi wa daktari na wauguzi, itapoa kweli, maana sauti yake husikika hadi maegesho ya magari.

Alitoka wodi ya wazazi kuja kumshikia mtu nafasi kwa miezi mitatu. Huyo mtu hajarudi hadi leo. Wauguzi wengi hapa ni zao la mikono yake, nasi sote tunakiri kwamba chai yake haifai hata kusafishia sinki.

Lakini siku ya Wayne Tranter haisahauliki. Wayne, mkata manyoya ya kondoo kutoka Bourke, alifika amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, akijigamba: "Sista, sijagusa bia tangu juzi. Sikutaka kuwaletea uchafu wangu." Sisi wengine tulimpongeza. Noeline alitazama kikombe cha chai kikigonga sahani mkononi mwa Wayne, akafoka, "Nani alikutuma uache peke yako, we mwanamume? Kitandani, sasa hivi!"

Mwili uliozoea pombe miaka mingi ukinyimwa ghafla, mtu anaweza kufa. Wayne alikuwa amejinyima kwa aibu tu, kama anayefagia nyumba kabla mfagiaji hajaja.

Kifafa kilimpanda kabla hatujamwekea dripu. Midomo ikageuka buluu. Tuliogopa, wala sioni haya kusema. Noeline alimlaza ubavu, sindano ya kutuliza ikamwingia, huku akimwita jina kwa ukali kana kwamba kachelewa kazini. Tulingoja, tukaona hapumui, tukazidi kungoja. Ndipo akavuta pumzi.

Kutoa sumu mwilini ni hatua ya kwanza tu. Msimu uliofuata wa kukata manyoya Wayne aliteleza akanywa tena, kwa zile raundi za bia, kila mtu akiwanunulia wenzake kwa zamu, ambazo kwao kuzikataa ni kumtukana anayenunua. Akapiga simu kutoka kwa shemeji yake, akilia: "Sista, nimeharibu tena. Nikae kwanza pombe initoke, ndiyo nije?"

"Thubutu! Mpe shemeji yako usukani, uje na ulevi wako."

Akaja nao, akapona. Huu ni mwaka wake wa tano bila pombe, na ndiye anayetuchomea soseji za sherehe hii ya kumuaga Noeline.

Sista, asante kwa kila pumzi uliyoipigania. Maisha yako ya mbele yawe mema, ulale mpaka jua likuchome. Na wagonjwa wakipiga simu wakiona haya kuja, usihangaike kupokea. Sasa tunajua la kuwajibu.