Nywele za Bwana wa Pamba

Kwenye kamio ya mizigo na abiria iliyotoka Kasongo, Faradji, mpishi wa muzungu wa kampuni ya pamba, alikuwa akimwambia mama mmoja mkulima: "Daktari wa Ulaya alitoa nywele za kisogoni, zile zisizoanguka, akamupandia bwana mbele kwenye kipara. Zimeshika."

"Mimi nikipanda muhogo, ninangojea nione majani ndiyo niseme umeshika," mama akasema. "Wewe majani uliyaona?"

"Bwana mwenyewe alisema."

"Akikusalimia hatoi kofia?"

"Mama, kofia tunatoa sisi."

Mama akaguna. Mimi niliyekaa karibu nao nikageuza uso nisionekane nikicheka, maana mpishi wa muzungu hupeleka maneno.

Kamio ikasimama Kabambare. Bwana wa pamba alikuwa pale akingojea mizigo yake, kofia kichwani. Wanaume tukavua zetu kama kawaida, lakini siku hiyo hakuna aliyeangalia chini; macho yote yalikuwa kwenye kofia yake.