Mlima Unaopoteza Wageni

Barabara inaishia kwa Mama Birika. Ukilipita jiko lake tu, umeingia msituni, na msitu nao unapanda na kupanda mpaka mlima unapochoka kuotesha miti na kubaki mawe matupu. Wageni huja kutoka mjini na mabegi mgongoni, wanakunywa kahawa, wanapanda. Wakishuka wanakunywa tena. Hiyo ndiyo biashara ya Mama Birika, na biashara haina kasoro. Kasoro ni benchi. Siyo benchi lenyewe, maskini, bali wanaolikalia: Tani, dereva wa lori ambaye lori lake limelala gereji mpaka ndege wamelifanya kiota, Randa, seremala, na Redio, fundi wa redio ambaye kila redio aliyoitengeneza ilinyamaza, ikabidi azisemee yeye. Watatu hao hufika kabla moto haujashika na huondoka majivu yakishapoa. Hapo katikati hakuna jambo duniani wasilolijua.

Asubuhi hiyo Mama Birika hakuwa na masikio ya kuwapa. Mdogo wake, askari wa msitu, alikuwa ameingia porini alfajiri kumtafuta mgeni aliyepanda jana na hakushuka. Goti la kijana huyo lilikwisha kuharibika kwa kazi hiyohiyo ya kuokota watu mabondeni. Na mkubwa wake wa kazi alikwisha kutoa onyo: akipotea mgeni mwingine, njia ya upande huu inafungwa, geti la wageni linahamia ng'ambo ya mlima, na askari anahamia huko nalo. Leo saa sita mkubwa huyo anakuja mwenyewe kuamua. Mama Birika alimlea mdogo wake tangu akiwa na meno ya utoto, mama yao alipofariki. Akiondoka yule, na wageni wakihama, atabaki na birika na hawa watatu.

– Tatizo ni mabegi, alianza Tani, akinyoosha kikombe aongezewe. Begi la mgeni lina kila kitu, mpaka sufuria. Limemlalia bega moja. Sasa mtu aliyeelemewa upande mmoja atanyooka vipi? Atazunguka tu. Mimi nimeendesha lori. Mzigo ukilala kushoto, gari linavuta kushoto.

– Lori lako limelala gereji, alisema Mama Birika.

– Ndiyo maana halijapotea.

– Mabegi wapi! alidakia Redio. Ni simu. Kule juu mtandao haushiki. Mtu wa mjini akikosa mtandao hajui hata jina la mama yake. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

– Samaki ameingiaje msituni?

– Nimesema wahenga walisema. Sikusema walikuwa wanazungumzia nini.

Mama Birika alichochea kuni kwa nguvu mpaka cheche zikaruka. Randa alizifuata cheche zile kwa macho, akajikohoza kama mtu anayefungua mkutano.

– Ninyi hamuijui miti, alisema. Nisikilizeni mimi ninayekula kwa miti. Ubao mkavu, uliokufa zamani, ukiuacha nje usiku, asubuhi unaukuta umepinda. Umejisogeza! Sembuse mti mzima, una mizizi, una maji tumboni? Inasogea ile. Mgeni anapanda, njia iko hapa. Anashuka, mti umeshakaa njiani. Afanyeje?

– Haba na haba hujaza kibaba, Redio alikubali kwa heshima kubwa.

– Kama miti inasogea, alisema Tani, ambaye hakuzoea kupitwa, basi inasogezwa na mlima. Mlima unageuka. Jua linauunguza mgongo, unajigeuza upande, kama wewe kitandani. Hukuona? Asubuhi kivuli chake kiko huku, jioni kiko kule.

– Hilo ni jua, Tani! Jua ndilo linalokwenda!

– Linakwenda wapi, Mama Birika? Mimi nalitazama kila siku. Lipo tu.

Mama Birika alitazama kuni, akavitazama vile vichwa vitatu, akaona afadhali ashughulike na kuni.

– Mnanichosha, alisema. Wallahi mnanichosha. Mtu yuko huko juu hajulikani mzima au vipi, mdogo wangu anaburuta mguu kwenye utelezi, ninyi mnageuza mlima kitandani. Zamani wageni walikuwa wanapotea hapa? Nani aliwahi kupotea? Wamekuja watoto wa shule, wamekuja vikongwe na fimbo zao, wote walipanda wakashuka. Hili balaa limeanza baada ya ile mvua kubwa. Kwani mvua ile ilifanya nini?

Hapo lilipita jambo dogo. Randa alimtazama Tani. Tani alimtazama Redio. Redio alikitazama kikombe chake kama kwamba taarifa ya habari ingesomwa humo.

– Mvua ni neema, alisema hatimaye.

– Mvua ililowesha mizizi, alisema Randa haraka. Ndiyo ikapata nguvu ya kutembea.

– Tena tuache habari za mvua, alisema Tani, akilipigapiga benchi kwa kiganja. Tumshukuru Mungu kwa tulichonacho. Benchi hili tangu Randa alitie ubao mpya, nalikalia mimi na mwili wangu huu na halilii. Ubao ule wa zamani uliniaibisha.

– Si kitu, si kitu, alisema Randa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakutaka kusifiwa.

Mama Birika angeuliza zaidi, lakini vichaka vilichakarika. Mdogo wake alitokea njiani, ameegemea gongo, suruali imeraruka gotini. Nyuma yake alikuwa mwanamke mwenye begi, nywele zimejaa majani, tope mpaka kiunoni. Mama Birika aliangusha kijiko, akakimbia kuwapokea, akamshika mdogo wake mashavu kwa mikono miwili, akamgombeza palepale.

– Umechelewa! Nimekufa mara ngapi hapa tangu asubuhi?

– Nipo, dada. Huyu ndiye mgeni wetu. Nimemkuta chini ya jabali, mzima. Mimi ndiye niliyeteleza.

Mgeni alikuwa muuguzi. Alikuja mlimani kupumzisha kichwa baada ya zamu nyingi, na sasa, kabla hata hajapangusa uso, alikuwa amekwisha kumkalisha askari juu ya ndoo iliyofudikizwa, analifunga goti lake kwa mtandio wake mwenyewe. Mama Birika alimpenda papo hapo.

– Pole, mwanangu. Njoo ukae, nikupe cha moto. Haya ninyi, mpisheni mgeni.

Hakuna aliyenyanyuka.

– Nasema mpisheni mgeni akae!

– Akae hapa pembeni, alisema Tani, bila kujisogeza hata kidogo. Panamtosha.

– Hapana, nashukuru, alisema muuguzi. Nimelala juu ya jiwe usiku kucha, kusimama kwangu ni starehe. Ila naomba niwaulize, ninyi wenyeji. Pale juu njia inapogawanyika, mbona hamkuweka kibao? Nilisimama pale nikakosa pa kushika. Kuna nguzo, lakini haina kitu.

Redio, aliyewahi kueleza kwa nini bahari ina chumvi bila kuombwa, alikunywa kahawa kutoka kwenye kikombe kitupu. Mama Birika akageuza shingo polepole. Alikuwa amewasikia watu wale wakibishana siku za jua na siku za mvua, siku za msiba na siku za harusi, na hajapata kuwasikia wamenyamaza wote watatu kwa pamoja.

– Simameni, alisema.

– Mama Birika, tusikilizane...

– Simama, Tani, kabla sijakumwagia birika!

Walisimama. Alilishika benchi, akalipindua, miguu ikatazama juu. Chini ya ule ubao mpya kulikuwa na rangi ya manjano, na juu ya manjano herufi nyeusi, kubwa, zilizoandikwa vizuri: KILELENI.

– Ala! alisema Mama Birika.

– Tulikikuta kimelala, alisema Randa. Haki ya Mungu. Mvua ilikiangusha, kimejilalia kwenye nyasi. Na Tani siku ile ile amevunja ubao. Nikasema, riziki hii.

– Na nilikuulizeni, alisema askari kutoka kwenye ndoo yake. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. – Nilikaa hapa hapa jioni moja nikawauliza, jamani, maji yamekipitisha kibao changu hapa?

– Hayakukipitisha, alisema Redio. Ulikuwa ukweli, Afande. Tulikibeba sisi.

– Nikaendelea kukikalia kila jioni, alisema askari, nikinywa kahawa. Naweka matawi pale juu yaonyeshe njia, nyani wanayatoa. Naomba kibao kingine, naambiwa subiri.

– Mbona hukuniambia mimi? aliuliza Mama Birika.

– Hukuniuliza, dada.

Mama Birika aliwageukia wale watatu, maana hasira ilihitaji pa kwenda.

– Mabegi! alisema. Simu! Miti inatembea! Mmekaa hapa mnasokota uongo kutwa nzima, na ukweli mmeukalia! Mnajua mnataka kuniondolea nani? Mnajua saa sita anakuja nani? Ng'oeni ubao huo, upandisheni, ukapigiliwe pale pale ulipotoka. Sasa hivi!

Randa alikuna kisogo.

– Haung'oki. Misumari yangu mimi, Mama Birika, ikishaingia imeingia. Ukiulazimisha utapasuka.

– Basi libebeni benchi zima!

Yalikuwa maneno ya hasira, lakini askari aliinua kichwa. – Si mbaya, alisema. Likiegemezwa kwenye nguzo na kufungwa kamba, litasomeka. Mkubwa akilikuta limesimama, nitakuwa na la kusema. Ila huo mshale uko wapi? Kibao kilikuwa na mshale.

Wote waliukodolea macho ubao. Baada ya herufi ya mwisho, ubao ulikuwa umekatwa.

– Ulizidi urefu, alisema Randa. Nilikata kipande cha mwisho.

– Ukakipeleka wapi?

Randa alinyoosha kidole, kwa adabu, kuelekea jikoni. Ndipo Mama Birika akakumbuka ile asubuhi baada ya mvua, kuni zote zimelowa, Randa anamletea kipande cha mbao ambacho rangi ilikikinga na maji. Alimwombea dua siku ile. Kilishika moto mara moja, kikitoa moshi wa manjano kidogo, na kahawa ikachemka upesi, wakainywa wote na kuisifu.

– Haidhuru, alisema Tani kwa upole. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

– Funga mdomo, Tani.

– Rangi ninayo, alisema Randa, aliyetaka sana kuonekana ana faida. Mshale nitauchora.

Walilinyanyua benchi, Tani na Randa mbele na nyuma, Redio katikati akiwa ameweka mkono mmoja tu. Walikuwa hawajavuka hata jiko muuguzi alipouliza, bila ubaya wowote, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua:

– Mshale mtauchora uelekee wapi? Ile njia ya kileleni ni ya kulia au ya kushoto?

– Kulia, alisema Tani.

– Kushoto, alisema Randa.

Redio alielekeza kidole mawinguni. – Juu, alisema. Kilele kiko juu.

Mama Birika alicheka kwa hasira mpaka machozi.

– Lo! Watu wazima wazima! Mmezaliwa chini ya mlima huu, mmezeeka chini yake, mnajua mpaka unavyolala, hamjui njia yake! Hebu ondokeni nimwambie mgeni mimi. Mwanangu, ukifika pale pa kugawanyika, unashika njia ya...

Alitazama msitu. Alizijua kamba za viatu vya kila aliyepanda. Alijua nani hurudi amefurahi na nani hurudi ameachana na mchumba. Kuni aliletewa, maji yalikuwa bombani. Hata kona ya kwanza hakuwahi kuivuka. Wenzake walimngoja, benchi mikononi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia kwa methali.

– Dada, alisema mdogo wake.

– Nakusikia.

– Asubuhi zote zile ukinifungia chakula, ulikuwa unadhani nakwenda wapi?

Alitaka kusema kazini. Badala yake alinyanyua birika ammiminie kahawa, hilo angalau alilijua, lakini birika lilitoa machicha na mvuke kidogo, likakauka. Akaliweka chini. Akachota maji, akauzima moto, mchana kweupe, jambo ambalo kijiwe kile hakikuwahi kuliona. Akajifunga kanga kiunoni, akamsukuma Redio kando na kuushika ubao palipoandikwa.

– Inuka, mdogo wangu, alisema. Tangulia utuonyeshe.

– Na goti?

– Taratibu tu. Ukichoka utakaa. Benchi si tunalo?