Muoki Ndambuki, Aliyewapa Watu Njia

Wazee wetu, akina mama, majirani wa Umoja na nyote mliotoka mbali, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia, na mama Mwelu, mjane wa marehemu, ameomba isomwe yote jinsi ilivyokuwa, pamoja na yale ambayo nyumbani tulizoea kuyanyamazia, kwa kuwa anasema mumewe hakumficha mtu lolote, naye hataki afichwe leo akiwa hawezi kujisemea.

Muoki Ndambuki alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 huko Nunguni, Makueni, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ndambuki, mchonga vinyago, na mama Ndete, ambao wote wawili wametutangulia. Mwaka 1975 baba yake alimleta Majengo, Nairobi, alikokuwa akichonga twiga na vifaru vya mti, akasoma shule ya msingi huko hadi darasa la saba mwaka 1982, kisha akarudishwa Nunguni kuanza sekondari, akaishia kidato cha pili, kwa sababu patasi ilimkata baba yake mkononi na ikabidi mtu wa nyumbani amshikie kazi.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa mpakiaji katika kiwanda cha sabuni Baba Dogo, akapata leseni ya udereva mwaka 1992, akapewa lori dogo la kusambaza mali mitaani, na mwaka 2001 akapandishwa kwenye trela la Mombasa. Wengi mliopo hapa mlimfahamu akiwa nyuma ya usukani, na mtakubali kwamba alikuwa mtu wa adabu katika mji ambao wengi wetu, tukishaketi kwenye kiti cha dereva, adabu tunaiacha nje ya mlango. Pale Outer Ring Road alisimama kumwingiza mtu aliyekwama kwenye makutano hata kama waliokuwa nyuma yake walimpigia honi na kumtukana, akipewa njia aliinua mkono kushukuru, na hata uchochoroni, mahali pasipokuwa na mtu wa kumwona, hakupinda kona bila kuwasha indiketa.

Alifunga ndoa na Mwelu Mbithi tarehe 17 Desemba 1994, wakaanza maisha Umoja katika chumba kimoja kilichoongezwa nyuma ya nyumba ya watu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nthambi mwaka 1996 na Maingi mwaka 1999.

Sasa, wale ambao hamjaendesha gari barabara ya Mombasa, mjue kwamba lori refu humziba macho aliye nyuma yake, na kwa hiyo madereva wana lugha yao ya kusaidiana, dereva wa lori akiwasha taa ya kulia anamwambia wa nyuma angoje, kuna gari linakuja, akiwasha ya kushoto anamwambia njia ni nyeupe, apite. Muoki alikuwa mwepesi wa kutoa taa hiyo ya kushoto, akisema kwamba aliyejaliwa kuona mbele na awe macho ya mwenzake, hata madereva wakamwita Pita, naye jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Jumamosi tarehe 24 Agosti 2013, alasiri, akitoka Mombasa na mzigo, kati ya Emali na Sultan Hamud, aliona kwenye kioo gari dogo jeupe limekuwa nyuma yake kwa mwendo mrefu, likichungulia na kurudi, likichungulia na kurudi. Alitazama mbele, barabara ikiwa tupu na jua likiwaka, akawasha taa ya kushoto. Gari lile lilipokuwa ubavuni mwake, pikapu iliibuka kutoka kwenye bonde dogo ambalo kutoka mahali alipokaa halikuonekana kuwa bonde. Muoki alikanyaga breki na kulipeleka trela kwenye changarawe ili kuwaachia nafasi, lakini haikutosha. Ndani ya gari jeupe alikufa Javan Opicho, mkazi wa Baba Dogo, pamoja na watoto wake wawili, na waliobaki hai ni dereva wa pikapu na mke wa Javan, Khavere, aliyetolewa akiwa amevunjika mguu.

Polisi waliandika maelezo, wakamwambia hana kosa na aende zake. Wenzake walimjia nyumbani, na dereva Wehliye, aliyekuwa rafiki yake mkubwa kiwandani, alikaa naye siku nzima akimweleza kwamba taa ni ushauri tu, mwenye kukanyaga mafuta ni mwenyewe, na kwamba hata yeye Wehliye amewapa watu taa maisha yake yote. Muoki alimjibu kwamba basi hiyo ni bahati yake.

Khavere aliporudi kutoka Kakamega kwenye mazishi, Muoki na mkewe walienda kumwona Baba Dogo, wakamkuta ameketi, mguu umefungwa plasta na kuinuliwa juu ya kigoda, na wanawake wa kanisa wakiwa jikoni. Muoki hakungoja chai, akamwambia kwamba yeye ndiye dereva wa lori, na ndiye aliyewapa ile taa. Yule mama alimtazama bila chozi wala hasira.

"Najua, baba," akasema. "Javan aliiona. Alisema, 'Huyu ametupa njia, Mungu ambariki,' kisha akaingiza gia. Sikumsikia akisema kingine."

Wakanywa chai waliyoletewa, wakaaga. Njiani kurudi Umoja, mama Mwelu alimwambia mumewe kwamba ule ulikuwa msamaha, tena msamaha mkubwa kuliko ule ambao mtu angethubutu kuuomba, lakini Muoki alisimama kando ya barabara na kumuuliza, "Hiyo baraka nitaiweka wapi, Mwelu?"

Alirudi kazini Novemba mwaka huo, lakini hakumpa tena mtu taa ya kupita, na aliyemwita Pita hakuitikiwa. Magari yalijipanga nyuma yake kilima baada ya kilima, madereva wakimpita kwa kubahatisha na kumtolea matusi dirishani, wakidhani ni kiburi. Aliomba arudishwe kwenye lori dogo la mitaani, akarudishwa, na huko nako akawa anasimama kwenye kila kona, indiketa ikiwaka, akingoja ahakikishe kwamba kila mtu, wa boda boda na wa miguu, ameiona na ameielewa, hadi foleni ikafika mbali. Mwaka 2017 kiwanda kilimwachisha kazi, na hatuwezi kusema kilimwonea. Mke wake alimpeleka kwa mchungaji, Nthambi akampeleka kwa mshauri hospitalini, naye alienda kote huko kwa utii, akarudi vilevile.

Mwaka 2019 Maingi alipata leseni bila kumwambia, akaanza kuendesha gari la mkate, na habari ilipofika nyumbani marehemu hakugomba, alikusanya nguo zake, akahamia Nunguni peke yake, na kwa miaka mitano baba na mwana walisalimiana kwa kutumiana salamu tu kupitia mama. Tunasema hili mbele ya Maingi, kwa ruhusa yake. Wala haikuwa chuki, maana kila alipopigiwa simu na mkewe, swali la kwanza la marehemu lilikuwa kama kijana amefika nyumbani.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka, akaanza dawa, akaendelea kwa kupanda na kushuka. Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, majirani wa Nunguni walipiga simu kwamba miguu imevimba na hawezi kupumua akilala, na kwa kuwa hakukuwa na gari lingine, Maingi alimfuata na lile gari la mkate. Alimketisha kiti cha mbele, wakateremka hadi Salama, wakaingia barabara kuu kuelekea Nairobi, na walipopita Konza walijikuta nyuma ya lori la saruji lililokuwa likitambaa. Pumzi ya mzee ilikuwa imeanza kukatika. Dereva wa lori, kwa wema wake, akawasha taa ya kushoto.

Maingi alishika gia apite. Baba yake akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Usimwamini," akasema. "Kaa hapo nyuma, mwanangu."

Maingi alikaa nyuma. Lori likaendelea kuwapa taa, likaizima, likaiwasha tena, nao wakatambaa nyuma yake, na kabla ya kufika Kyumvi mkono wa mzee ukateleza ukaanguka. Hakuna daktari awezaye kutuambia kama kupita kungemfikisha hospitalini akiwa hai, Maingi ameuliza wawili, na familia haitamwambia kwamba alifanya vyema wala kwamba alikosea, kwa sababu hatujui, ila tunamwomba mbele yenu nyote asihamie mahali pa peke yake kama baba yake.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa miaka mitatu, majirani wa Nunguni waliolala mlangoni pake, waumini na majirani wa Umoja, Wehliye na madereva wenzake wa zamani, na dereva yule wa saruji, tusiyemjua jina, aliyeona kwenye kioo chake gari limeegeshwa ovyo kando ya barabara, akasimama, akarudi kwa miguu, akamsaidia kijana wetu kumfunika mzee. Mama Khavere alitumiwa habari, akajibu kwamba hataweza kuja, naye pia tunamshukuru kwa kujibu.

Pumzika sasa, Muoki mwana wa Ndambuki, huko hakuna anayengoja nyuma yako.