Mwonja Mawe wa Chukwani

Baraza ya Bi Shemsa pale Mkunazini, mjini Unguja, ilikuwa haikosi watu kila alasiri, na dele la kahawa la Mzee Mcha halikosi wanywaji. Lakini mwaka ule wa sitini na saba watu walikuwa wakicheka huku wakitazama pembeni. Alaa, ulikuwa mwaka wa kupima maneno! Silima, fundi rangi wa madirisha, waliyembandika jina la Kimya, alikaa mwisho wa baraza, kikapu kakibana baina ya miguu. Ndani mlikuwa na mawe matatu ya pwani, kayaokota mwenyewe Chukwani, kayachora kwa mabaki ya rangi, basi tu kwa kuipendeza roho yake. Leo alitaka kuwapa wenzake. Hajatia kikombe mdomoni, Jecha Redio akaanza.

— Mnasikia? Chukwani kuna mtu anaokota mawe.

— Ya kujengea? akauliza Usi Karafuu, mzee aliyefanya kazi mashamba ya karafuu ya Kizimbani mpaka mgongo ukapinda.

— Ya kuramba! Analiokota, analiramba, likimridhisha analitia kikapuni.

Silima akakibana kikapu zaidi. Kweli alikuwa akiyaramba. Jiwe lenye chumvi rangi haishiki. Utajuaje bila ya kulionja? Lakini siku zile nani angekaa akusikilize?

— Dhahabu hiyo, alisema Usi. Dhahabu ina ladha yake, nnakwambia.

— Dhahabu Chukwani! Bakar Bondia akacheka. Huyo anapanga alama, yakhe. Waliopinduliwa, wanaotaka kuturudia kwa meli, wajue pa kushukia.

— Na kuramba? Usi akauliza.

— Anaangalia maji yamefika wapi!

— Nyote hamjui, Jecha akashusha sauti. Huyo anachora sura za watu kwenye mawe. Sura zetu sisi! Likishafika kwa waliomtuma jiwe lako, umekwisha.

— Akamatwe! Bakar akapiga paja.

— Leo hii! Nikimwona, nampeleka miye kituoni kwa mkono wangu, Jecha akaapa.

Silima aliogopa, wallahi. Akaona bora aondoke. Akainuka na kikapu, mkono wake wa ukili mkuukuu ukakatika, mawe yakamwagika miguuni mwao.

Jecha akainama, akaokota moja. Akaiona pua yake ile ile, na kofia yake ya kupinda. Bakar akajiona na jino lake lililovunjika. Usi akajiona anacheka, naye tangu mwanawe alipovuka kwenda Bara hakucheka hivyo.

— Nilitaka kukupeni, Silima akasema.

Jecha hajawahi kujibu, akatokea uchochoroni bwana mmoja wa suti ya kijivu. Hakuna aliyemjua. Hata salamu hakutoa.

— Kuna mtu anaokota mawe Chukwani. Nani kati yenu anamjua?

Redio ikazimika. Jiwe la Jecha lishaingia mfukoni mwa kanzu. Bakar kalikalia lake, Usi kalifunika kwa kofia. Silima akabaki na kikapu kisicho mkono, akingoja litajwe jina lake.

Mgeni akawatazama mmoja mmoja. Mzee Mcha akaliinamisha dele, halikutoa hata tone.

— Kahawa imekwisha, bwana, alisema.

Mgeni akasimama kidogo, kisha akenda zake. Wakakaa vile vile mpaka nyayo zikapotea. Ndipo Jecha akalitoa jiwe, akalitazama, macho yamemjaa machozi.

— Pua umenizidishia, we Kimya. Na kesho usende pwani. Nitakwenda miye, nikuokotee.

— Utayajuaje yanayofaa?

— Si nitayaramba!